Meza ya Arusha: Uongozi, Mazungumzo na Mageuzi ya Taasisi nchini Burundi, 1993–2005

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna mazungumzo ya amani ya Burundi, yaliyofanyika Arusha kuanzia Juni 1998 hadi Agosti 2000, yalivyochangia mageuzi ya taasisi za nchi hiyo, hususan jeshi. Hoja yetu ni kwamba mazungumzo hayo yalizaa matunda pale yalipoacha kuzunguka swali la nani mwenye hatia na kuanza kuuliza kila upande unaogopa nini, kisha hofu hizo zikawekewa dhamana za kisheria. Tunaonesha pia kwamba wasuluhishi wawili, Julius Nyerere na Nelson Mandela, walitofautiana kwa mbinu lakini walikamilishana, na kwamba upungufu mkubwa wa mkataba ulitokana na watu waliokosa nafasi mezani. Hitimisho linatoa mafunzo kwa usuluhishi unaoendelea katika ukanda wetu.

1. Utangulizi

Historia ya usuluhishi mara nyingi huandikwa kana kwamba sahihi ndiyo mwisho wa safari. Viongozi hukutana, hutia saini, hupeana mikono, na msomaji huambiwa kuwa amani imepatikana. Mkataba wa Arusha wa Amani na Maridhiano ya Burundi hauwezi kuelezwa hivyo. Ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000 mbele ya viongozi wengi, akiwemo Rais Bill Clinton wa Marekani, lakini baadhi ya vyama vilivyoshiriki mazungumzo vilikataa kusaini siku hiyo, na makundi makuu mawili yaliyokuwa yakipigana msituni hayakuwa sehemu ya mkataba. Vita viliendelea. Kundi kubwa zaidi la waasi, CNDD-FDD, liliweka silaha chini baada ya makubaliano ya Novemba 2003. Jingine, Palipehutu-FNL, liliendelea kupigana hadi karibu na mwisho wa muongo huo.

Hata hivyo, ndani ya miaka mitano tangu sahihi zile, jeshi lililokuwa mikononi mwa watu wa kabila moja kwa takriban miongo mitatu lilikuwa limeanza kuundwa upya kwa uwiano wa nusu kwa nusu, na katiba mpya ilikuwa imepitishwa kwa kura ya maoni tarehe 28 Februari 2005. Hapa ndipo linapozuka swali la makala haya: mkataba ulioshindwa kuzima bunduki uliwezaje kubadilisha taasisi iliyozimiliki?

2. Hofu mbili zilizolishana

Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962, ikiwa haijatimiza mwaka tangu kuuawa kwa Mwanamfalme Louis Rwagasore, kiongozi wa chama cha UPRONA, tarehe 13 Oktoba 1961. Rwagasore alikuwa amewaunganisha Wahutu na Watutsi chini ya bendera moja ya siasa, na kifo chake kiliacha pengo ambalo halikuzibika. Jaribio la mapinduzi la mwaka 1965 liliposhindwa, maofisa wengi wa Kihutu waliondolewa jeshini, na wengine waliuawa. Mwaka 1966 Michel Micombero aliuondoa utawala wa kifalme, na tangu hapo dola na jeshi vikawa kitu kimoja.

Mwaka 1972 ulikuwa mwaka wa kilio. Uasi ulioanzia kusini uliwaua Watutsi wengi, nao utawala ukajibu kwa kuwasaka Wahutu, hususan waliosoma: walimu, watumishi wa serikali, wanafunzi. Makadirio ya waliouawa huanzia watu 100,000. Maelfu kwa maelfu walikimbilia Tanzania na kuishi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, ambako watoto wao walikua wakizungumza Kiswahili na kusimuliwa juu ya nchi wasiyoijua. Kwa Wahutu, kumbukumbu ya 1972 ilikuwa na sura moja: jeshi.

Hofu ya Watutsi ilikuwa na sura nyingine. Wao ni wachache kwa idadi, na waliamini kwamba uchaguzi ambamo kila mtu angepiga kura kwa kabila lake ungewaweka chini ya wengi milele, pengine ungewaangamiza. Hofu hiyo ilipewa nguvu na mambo mawili yaliyotokea ndani ya mwaka mmoja. Melchior Ndadaye wa chama cha FRODEBU, rais wa kwanza Mhutu, alichaguliwa tarehe 1 Juni 1993 na kuuawa na wanajeshi tarehe 21 Oktoba 1993, miezi mitatu na siku chache tangu aapishwe. Baada ya mauaji hayo raia wengi wa Kitutsi waliuawa vijijini, na jeshi likawaua Wahutu kwa kulipiza kisasi. Miezi michache baadaye yakafuata mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda. Inakadiriwa kuwa vita vilivyoanza Burundi mwaka 1993 vilipoteza maisha ya watu wapatao 300,000.

Ni muhimu kutambua kwamba juhudi za mageuzi zilikuwapo kabla ya Arusha. Baada ya mauaji ya Ntega na Marangara ya Agosti 1988, Meja Pierre Buyoya aliunda tume ya umoja wa kitaifa yenye Wahutu na Watutsi kwa idadi sawa, akamteua waziri mkuu Mhutu, na kufungua njia ya Katiba ya 1992 na uchaguzi wa vyama vingi. Aliposhindwa katika uchaguzi huo alikubali matokeo. Kisha, Septemba 1994, vyama viligawana serikali kwa asilimia 55 kwa 45. Juhudi zote hizi zilikuwa na kasoro moja: zilibadilisha baraza la mawaziri na sanduku la kura, lakini hazikugusa kambi za jeshi. Mwaka 1993 jeshi lilimuua rais aliyechaguliwa, na tarehe 25 Julai 1996 likamrudisha Buyoya madarakani kwa mapinduzi. Mageuzi yanayoiacha nje taasisi inayoogopwa kuliko zote huwa ni nyumba iliyojengwa bila msingi.

3. Mwalimu na subira ya kikao

Mwalimu Julius Nyerere alikuwa tayari amewakutanisha wanasiasa wa Burundi mjini Mwanza katika nusu ya kwanza ya mwaka 1996. Mapinduzi ya Julai yalipotokea, marais wa ukanda huu walikutana Arusha tarehe 31 Julai 1996 na kuiwekea Burundi vikwazo vya kiuchumi. Uamuzi huo una nafasi ya pekee katika historia yetu, kwa sababu nchi jirani ziliamua kwa pamoja, bila kusubiri amri ya mataifa ya mbali, kwamba mapinduzi hayatazoeleka. Vikwazo viliwaumiza raia wa kawaida kuliko wakubwa, na vilivuja mipakani, lakini vilimfanya Buyoya ahitaji mazungumzo. Vilisitishwa Januari 1999, wakati mazungumzo yakiwa yameshika njia.

Kikao cha kwanza cha Arusha kilianza tarehe 15 Juni 1998 kikiwa na wajumbe wa pande 17. Baadaye zikawa 19, yaani serikali, Bunge na vyama vya siasa vilivyogawanyika zaidi au kidogo kwa misingi ya kikabila. Nyerere alizigawa kazi katika kamati tano: chanzo na asili ya mgogoro, demokrasia na utawala bora, amani na usalama, ujenzi mpya wa nchi, na dhamana za utekelezaji. Kamati ya kwanza iliongozwa na Armando Guebuza wa Msumbiji, ya pili na mwanasheria wa Afrika Kusini Nicholas Haysom, na ya tatu na Padri Matteo Zuppi wa jumuiya ya Sant'Egidio.

Mpangilio huu ulikuwa na maana yake. Kamati ya kwanza ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote, kwa sababu kila upande ulikuja na hesabu yake ya wafu. Upande mmoja ulianza simulizi mwaka 1972, mwingine mwaka 1993. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na Nyerere aliwaacha wajumbe wayaseme maradhi hayo kwa muda mrefu kuliko wafadhili walivyopenda. Wakosoaji walidai kuwa kikao kilikuwa kikiwalisha wanasiasa posho. Serikali ya Buyoya nayo, pamoja na vyama vya Kitutsi, ilimshuku Mwalimu kuwa anawapendelea wapinzani wao, kwa kuwa Tanzania ndiyo iliyokuwa ikiwahifadhi wakimbizi.

Lakini tukitazama matokeo, subira ile ilikuwa na faida. Wajumbe walikubaliana kwamba mgogoro wa Burundi kimsingi ni wa kisiasa wenye sura nzito ya kikabila, na kwamba unatokana na tabaka la wanasiasa kugombea kuingia madarakani au kubaki humo. Suala la nani alitenda kosa gani liliachiwa tume za uchunguzi na ukweli zilizokusudiwa kuundwa baadaye. Sentensi hizo zaweza kuonekana kavu, ila zilifungua mlango. Kama tatizo ni madaraka, basi dawa ni kanuni za kugawana madaraka, na kanuni ni jambo ambalo wanadamu wanaweza kulijadili. Kama tatizo lingekuwa ni damu na ukoo, pasingekuwa na la kujadili.

4. Mandela na shinikizo la hadharani

Mwalimu alifariki dunia mjini London tarehe 14 Oktoba 1999 kabla kazi haijakamilika. Mwezi Desemba viongozi wa ukanda walimteua Nelson Mandela kushika nafasi yake. Tofauti ilionekana mara moja. Nyerere alikuwa amewavumilia wajumbe. Mandela aliwakaripia hadharani. Aliwalaumu kwa kujadiliana huku watu wao wakifa, akaitaka serikali iwaachie wafungwa wa kisiasa, na akalaani vikali kambi ambamo jeshi lilikuwa limewakusanya raia zaidi ya 300,000, wengi wao katika mkoa wa Bujumbura Vijijini. Aliwaita marais na wafadhili kushuhudia vikao, ili kila aliyekwamisha jambo aonekane. Alilitaja wazi pia lile ambalo wengine walilizunguka, yaani kwamba jeshi la kabila moja halikubaliki, na kwamba nusu kwa nusu ndiyo njia ya kutokea.

Wapo wanaomsifu Mandela kwa kumaliza alichokianza Nyerere, na wapo wanaosema kuwa haraka yake ilizaa mkataba uliojaa vipengele vya kukwepa, kwani vyama kadhaa viliambatanisha pingamizi zao na sahihi zao. Kwa maoni yetu, mabishano haya yanawashindanisha watu waliokuwa na kazi mbili tofauti. Bila miezi ya Nyerere, Mandela asingekuta lugha ya pamoja ya kuisukuma mbele. Bila msukumo wa Mandela, lugha hiyo ingebaki katika makabrasha ya kamati. Uongozi wa mazungumzo una majira yake, na anayeujua ni yule anayetambua lini asikilize na lini aseme basi. Isisahaulike pia kwamba nyuma ya wote wawili ulikuwapo umoja wa marais wa ukanda, ambao Yoweri Museveni wa Uganda aliuongoza. Huo ndio uliowapa wasuluhishi nguvu ambayo hawakuwa nayo wenyewe.

5. Wanawake na mlango uliochelewa kufunguliwa

Kwa muda mrefu wa mazungumzo, wanawake wa Burundi walikuwa wakingoja nje ya ukumbi. Vyama havikuwatuma kama wajumbe kamili, na baadhi ya wanasiasa walisema waziwazi kuwa vita si suala la wanawake. Waliopata kuingia waliruhusiwa kuwa watazamaji tu. Mnamo Julai 2000, kwa msaada wa UNIFEM na Taasisi ya Mwalimu Nyerere, ulifanyika Arusha mkutano wa wanawake wa Burundi ambao kila moja ya pande 19 ilituma wajumbe wawili. Mapendekezo waliyomkabidhi Mandela yaligusa elimu ya wasichana, haki ya kurithi ardhi, adhabu kwa ubakaji na makosa mengine ya kivita, na nafasi za wanawake katika vyombo vya maamuzi.

Sehemu kubwa ya mapendekezo hayo iliingia katika mkataba. Dai la asilimia 30 ya nafasi za uongozi halikukubaliwa kwa maandishi mwaka ule, bali lilikuja kutambuliwa katika Katiba ya 2005, kwa serikali na kwa Bunge. Tukio hili linafundisha jambo ambalo washauri wa sera hulisahau: kundi lililoingia mezani wiki chache kabla ya mwisho liliongeza mambo ambayo waliokaa pale miaka miwili hawakuyafikiria. Haki ya mwanamke kurithi ardhi, hata hivyo, imebaki bila sheria ya kuisimamia, na ni ukumbusho kwamba kuandikwa ni hatua ya kwanza tu.

6. Kutoka karatasini hadi kambini

Kiini cha mageuzi kimo katika kifungu kinachosema kwamba, kwa kipindi kitakachoamuliwa na Seneti, hakuna kabila litakalokuwa na zaidi ya asilimia 50 ya jeshi la taifa, na sababu zinatajwa wazi: kuzuia mauaji ya kimbari na mapinduzi. Sababu hizo mbili ndizo zile hofu mbili. Neno "kimbari" liliwatuliza Watutsi, kwa kuwa walibaki na nusu ya jeshi ingawa ni wachache nchini. Neno "mapinduzi" liliwatuliza Wahutu, kwa kuwa jeshi lisingeweza tena kumwangusha rais waliyemchagua. Katika serikali na Baraza la Wawakilishi uwiano ukawa asilimia 60 kwa 40, katika Seneti nusu kwa nusu, na Watwa, ambao historia ilikuwa imewasahau, wakatengewa viti vitatu katika kila baraza la Bunge. Walio wengi walipata serikali, walio wachache wakapata kinga.

Utekelezaji ulihitaji makubaliano mengine. Serikali ya mpito ilianza tarehe 1 Novemba 2001 chini ya Buyoya, wakati wanajeshi wa Afrika Kusini wakiwalinda wanasiasa waliorudi kutoka uhamishoni. Tarehe 30 Aprili 2003 Buyoya alimkabidhi madaraka Domitien Ndayizeye kama ilivyopangwa. Itifaki za Pretoria za mwaka huohuo zikawaingiza CNDD-FDD, wakapewa asilimia 40 ya nafasi za maofisa katika makao makuu ya jeshi. Watu waliokuwa wakiwindana milimani walianza kulala katika bweni moja, kula chakula kimoja na kupokea amri kutoka kwa ofisa mmoja. Kuanzia Desemba 2007 walipelekwa pamoja Somalia chini ya Umoja wa Afrika. Ushirikiano huo wa kila siku ulifanya kazi ambayo hotuba za umoja za miaka ya 1980 hazikuweza kuifanya.

Kipimo kikubwa kilikuja Mei 2015, wakati nchi ilipotumbukia katika mgogoro juu ya muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza. Jaribio la mapinduzi lilifanyika na kushindwa. Damu ilimwagika na mamia kwa maelfu ya watu wakakimbia. Lakini kiongozi wa jaribio lile alikuwa jenerali Mhutu aliyetokea msituni, akishirikiana na jenerali wa jeshi la zamani; na waliolizuia nao walitoka pande zote. Jeshi liligawanyika, ila halikugawanyika Wahutu huku na Watutsi kule. Kwa nchi iliyopitia 1965, 1972 na 1993, hilo si jambo dogo.

7. Mipaka ya mkataba

Haitakuwa haki kuisimulia Arusha kama hadithi ya ushindi. Kwanza, ilikuwa meza ya wanasiasa. CNDD na Palipehutu zilipogawanyika, wasuluhishi waliendelea na viongozi waliokuwa mezani na kuwaacha nje makamanda waliokuwa na wapiganaji. Gharama ya uamuzi huo ni miaka ya vita iliyofuata. Aidha, CNDD-FDD iliposhinda uchaguzi wa 2005, nchi iliongozwa na chama ambacho hakikuwa kimesaini mkataba ule na kilichouona kuwa kazi ya wengine. Marekebisho ya Katiba ya 2018, yaliyopunguza wingi wa kura unaohitajika bungeni na kuipa Seneti jukumu la kuupitia upya mfumo wa mgao wa kikabila, yanaeleweka vizuri zaidi tukikumbuka jambo hilo.

Pili, swali la hatia lililoahirishwa lilikaa bila jibu kwa muda mrefu mno. Tume ya ukweli na maridhiano iliundwa mwaka 2014 tu, miaka kumi na minne baada ya kuahidiwa. Kuahirisha kulisaidia kupata mkataba, lakini deni lililoahirishwa halijafutwa.

Tatu, mazungumzo ya juu hayakushuka mlimani. Mkataba ulitaka kuhuishwa kwa ubushingantahe, ile taasisi ya wazee wa busara waliosimikwa kusuluhisha ugomvi wa majirani bila kujali kabila. Haja yake ilionekana wakimbizi wa 1972 waliporejea Rumonge na Nyanza-Lac na kukuta mashamba yao yakilimwa na familia nyingine, ambazo nazo zilikuwa zimezika wazee wao palepale. Mgao wa asilimia hauwezi kuamua ugomvi kama huo. Unahitaji watu wanaoaminiwa na pande zote mbili za mpaka wa shamba.

8. Hitimisho

Historia ya Arusha inatupa mafunzo matatu. La kwanza ni kwamba mazungumzo hubadilisha taasisi pale hofu ya kila upande inapotajwa kwa jina lake na kupewa dhamana inayopimika. La pili ni kwamba uongozi wa msuluhishi hautoshi pasipo majirani wenye kauli moja. Mazungumzo ya Warundi yaliyofufuliwa baada ya 2015, ambayo Rais mstaafu Benjamin Mkapa aliyawezesha, yalifanyika katika mji uleule wa Arusha lakini yakaisha bila mapatano. Serikali haikuona sababu ya kuketi na wapinzani wake, na ukanda haukuwa na umoja wa mwaka 1996. La tatu ni kwamba kila anayeachwa nje ya mlango hurudi baadaye, ama na mapendekezo kama wanawake wa Julai 2000, ama na bunduki.

Mafunzo haya si ya Burundi peke yake. Wale wanaotafuta suluhu ya mashariki mwa Kongo wanakabiliwa na maswali yaleyale: jeshi liundwe vipi, nani aitwe mezani, ardhi ya aliyekimbia irejeshwe kwa utaratibu gani, na majirani watasimama pamoja au kila mmoja atavutia kwake. Majibu hayawezi kunakiliwa, kwa kuwa Kongo si Burundi. Kinachoweza kurithiwa ni utaratibu wa kuuliza, kabla ya kugawa vyeo: ninyi mnaogopa nini, na nini kitawawezesha kulala usingizi?